Lile duka la kaa la South C: nyota nne, na ya tano nimeibana kwa sababu ya majike

Nianze na nyota kabisa ndio wenye haraka waende zao: nne kwa tano. Kaa wako hai, kamba (wale prawns) ni safi, mzee mwenye duka anajua kazi yake, bei iko juu kidogo lakini angalau hulipii maji. Nyota moja nimeibana na si kwa sababu ya bei wala ile simu yao ambayo haishikwagi, ni kwa sababu ya majike, na hiyo ntaieleza kwa urefu maana naona watu wanalisifia hili duka kwa kitu ambacho kwa maoni yangu ndio rahisi zaidi kati ya vyote wanavyofanya.

Duka halina bango wala jina. Liko South C hapa Nairobi kwa zile barabara za ndani, mlango wa bluu, ukiuliza mwenye kibanda cha M-Pesa hapo karibu atakuonyesha kwa mdomo tu, watu wanasema "pale kwa wale wa kaa". Ndani kuna friza mbili, meza ya simiti, mizani ya saa, na magunia. Kaa wanatoka Pwani na basi la usiku, kila mmoja amefungwa magando kwa uzi wa katani, wamepangwa kwa gunia lililoloweshwa, na asubuhi wanashuka wakiwa wanatoa mapovu mdomoni. Kaa wa mikoko ni mgumu ajabu, matamvua yake yakibaki na unyevu na asipigwe na jua anaeza kukaa nje ya maji siku kadhaa, ndio maana huyu anafika Nairobi hai na samaki anafika kwa barafu. Ila hai haimaanishi mzima. Kaa aliyechoka ukimgusa jicho halirudishi haraka, miguu inaning'inia, na huyo mzee mwenyewe anamtoa pembeni anakuambia huyu sikuuzii dadangu, huyu wa supu yetu ya mchana.

Kitu kimoja nimekipenda sana: anakata ule uzi anaupima kando. Manze kuna mahali kwingine hapa mjini, sitaji, unauziwa kaa amezungushiwa katani imelowa chapachapa mpaka unashangaa unalipia mnyama au mkeka. Hapa unaona uzito wa kaa na uzito wa uzi, unalipa wa kaa. Nilipoenda juzi kilo ilikuwa 1,800.

Sasa tuje kwa yale mambo ya kugeuza kaa, kwa sababu hapa ndio duka lenyewe lina raha yake. Mzee hakuuzii kaa bila kukugeuzia tumbo juu. Pale chini kuna kifuniko kimekunjwa kwa tumbo. Dume kifuniko chake ni chembamba, kinaishia na ncha. Jike mdogo ambaye bado hajakomaa kifuniko ni pembetatu. Jike aliyekomaa kifuniko kimetanuka, cha mviringo, kimejaa tumbo karibu lote, na pembeni kina manyoya, na hayo manyoya si ya urembo, chini yake kuna vijiguu laini ambavyo mayai yanashikwa akishataga. Ukijua hayo matatu basi hakuna mtu atakudanganya tena sokoni. Halafu anabonyeza gamba la chini karibu na miguu kwa kidole gumba, likibonyea ujue huyo amejivua gamba juzijuzi na ndani ni maji matupu, maana kaa akivua gamba la zamani anakunywa maji ajitanue kabla jipya halijakauka, kwa hiyo unaona kaa mkubwa lakini ukimpika anakuwa hana kitu. Hiyo ndio sababu ya wale kaa unaolipia elfu mbili unakuta nyama ya kijiko kimoja. Watu wa Pwani wanasema kaa ni mtupu mbalamwezi ikiwa kali, mzee naye anasema hivyohivyo, mimi nabonyeza tu.

Na kumbe huo wakati wa gamba laini ndio wakati wa ndoa. Dume anamshika jike anambeba chini yake siku kadhaa akimlinda, anangoja ajivue, na jike akiwa bado laini ndio wanajamiiana. Baada ya hapo jike anaweka zile mbegu za dume ndani yake kwa miezi, anaeza kutaga zaidi ya mara moja bila kumuona dume tena. Mzee alikuwa anaelezea hii kwa sauti kubwa dukani kukiwa na mama mmoja wa kanisa na watoto wake, mama akajifanya anasoma bei za pweza.

Haya, sasa kwa ile sifa yenyewe. Ukutani wameandika kwa maka pen nyekundu HATUUZI KAA MWENYE MAYAI. Kila mtu anapiga picha, anapost, watu wa mazingira wanafurahi. Na mimi nakubali ni vizuri, mtu anayekataa pesa kwa sababu ya mayai anastahili heshima. Lakini hebu tufikirie kidogo. Huyu kaa wa mikoko, yule mkubwa wa kijani tunayemla sisi, jike wake hatagi pale mikokoni. Akishakomaa na kujazwa anatoka kwa mikoko, anaacha maji ya mto na bahari yaliyochanganyika, anaenda baharini kwenyewe. Australia meli za kukokota nyavu zimeshika majike wenye mayai makumi ya kilomita kutoka ufukweni. Anaenda huko kwa sababu mabuu wake hawawezi maji ya chumvi kidogo, wanataka bahari kamili. Sasa mvuvi wa huko Pwani, Mida Creek au Gazi, anayeingia kwa matope na kijiti chake cha ndoano anatoa kaa kwa shimo, huyo jike mwenye mayai nje atampatia wapi? Atampata mmoja mmoja. Kwa hiyo kukataa kuuza kaa ambaye karibu haletwagi, hapo hujapoteza sana.

Jike ambaye analetwa, na analetwa sana, ni yule mwenye mayai ya ndani. Unamfungua gamba unakuta ile kitu ya rangi ya chungwa imejaa mpaka pembeni, na ndio watu wanapigania, na kuna mahoteli huku Kilimani na Hurlingham wanalipa zaidi kwa jike wa hivyo kuliko dume. Hapa dukani jike aliyejaa anauzwa na anauzwa juu kidogo ya dume. Sasa huyo ni nani? Huyo ni yuleyule, kabla hajataga. Ashaolewa, mbegu anazo, mayai yameiva, alikuwa njiani kwenda baharini na tukamkata safari. Jike mmoja akitaga anabeba mayai zaidi ya milioni moja, mkubwa anafika milioni kadhaa. Nilimuuliza mzee waziwazi, sasa mzee tofauti ni gani, mayai ya nje unakataa ya ndani unauza kwa bei ya juu? Akacheka, akasema dadangu nikikataa hao nitauza nini, halafu akasema na hao wa ndani mayai hayajakuwa watoto bado. Jibu la kwanza naliheshimu. La pili hapana. Queensland kule Australia jike wa hii kaa haruhusiwi kuchukuliwa kabisa, awe na mayai asiwe na mayai, na dume lazima afike upana wa sentimita 15. Simwambii afuate sheria za watu, lakini aeza kuandika ukutani pia TUNAKUOMBA UCHUKUE DUME, na abadilishe bei dume awe rahisi zaidi ya jike kwa tofauti ya kuonekana. Nyota yangu ya tano iko hapo, akiibadilisha narudi kuiongeza.

Kwa upande wa wadogo ako sawa lakini. Kaa mdogo hachukui hata akiletewa, nimeona akibishana kwa simu na mtu wa Kilifi kwa nusu saa kuhusu hilo.

Kuna chati ukutani, imechorwa na mpwa wake aliye chuo, na hii chati ndio inafanya watoto wanangoja na wazazi bila kusumbua. Upande wa kaa imechorwa vizuri ajabu. Mayai yakiwa mapya ni ya rangi ya chungwa, kadri siku zinaenda kiini kinaisha na macho yanatokea basi yanakuwa kahawia mpaka karibu meusi, na kwa maji ya joto kama ya kwetu baada ya wiki moja na nusu hivi mpaka mbili yanaanguliwa. Kinachotoka hakifanani na kaa hata kidogo. Kinaitwa zoea, urefu wa milimita moja na kitu, macho makubwa, mwiba mrefu kichwani na mwingine mgongoni, na mkia, kinaelea na kuogelea juu juu baharini. Kinajivua gamba kupitia hatua tano za zoea, wiki mbili tatu hivi, halafu kinageuka megalopa, ambaye sasa ana magando tayari lakini bado ana mkia nyuma, yaani nusu kamba nusu kaa. Huyo megalopa ndio anarudi kwa mikoko, anajishika chini, anajivua tena na ghafla ni kaa, mkia umekunjwa chini ya tumbo na ndio kile kifuniko mzee anakugeuzia. Nimeipenda hiyo sana, kwamba kile kifuniko ni mkia uliokunjwa. Tangu niione siwezi kula kaa bila kuifikiria, na watoto wangu nao wamekuwa kero mezani.

Usishangae ukiona hiyo picha ya zoea ukadhani ni mdudu mwingine, wataalamu wenyewe walidhani hivyo. Mwaka 1802 mwanasayansi wa Ufaransa anaitwa Bosc alimpa jina la Zoea kama mnyama wa aina yake, na megalopa naye akapewa jina lake kama mnyama mwingine. Ilibidi daktari wa jeshi, John Vaughan Thompson, kule Cork, Ireland, miaka ya 1820, aangalie mabuu wakijivua na mayai ya kaa yakianguliwa ndio aseme jamani hawa ni watoto wa kaa. Na bado watu walimbishia.

Sasa upande wa kamba mpwa amekosea na nimemwambia mzee afute. Amemchora kamba jike amebeba mayai chini ya mkia, vilevile kama kaa. Hao kamba wanaouzwa hapo, wale weupe wa Ungwana Bay na wale wakubwa wenye mistari, hawabebi mayai nje kabisa. Jike anaachia mayai moja kwa moja majini, usiku, laki kadhaa kwa mara moja kwa wale wakubwa, na basi, hana habari nayo tena. Wanaobeba mayai chini ya mkia ni jamii nyingine, kina kamba wa mtoni na wale wadogo wekundu wa kufuga kwa tangi la kioo ambao naona watoto wa Nairobi wanawapenda siku hizi. Na mabuu pia si sawa. Mayai ya kamba wa bahari yanaanguliwa ndani ya masaa 12 hadi 18 tu na kinachotoka ni nauplio, kidudu cha miguu sita kisicho na mdomo wa kulia bado, kinaishi kwa kiini chake siku mbili hivi, hatua sita. Kaa yeye hiyo hatua anaipitia ndani ya yai. Baada ya nauplio inakuja protozoea hatua tatu, hapo ndio anaanza kula mimea ile midogo ya majini, halafu misisi hatua tatu, anaogelea kichwa chini kinyumenyume, halafu anakuwa kamba mdogo anayeonekana ni kamba. Siku kumi na kitu mambo yote yameisha. Hapo ndio anaingia kwenye mikoko na midomo ya mito kukua, na akishakuwa mkubwa anarudi baharini. Ukiangalia ramani utaelewa kwa nini kamba wetu wengi wanatoka hapo Malindi mpaka Ungwana Bay, ndio Sabaki na Tana zinamwaga maji yake hapo.

Na hii ya jikoni ni ya bure. Ukichukua kamba mkubwa wa jike ukimuangalia kwa mwanga unaeza kuona kitu cha kijani kimekaa mgongoni kutoka kichwani kwenda mkiani, kinene pale mwanzo. Watu wanasema ni uchafu wanakwangua wanatupa. Ule utumbo mwembamba mweusi ndio uchafu, toa. Lakini hicho kinene cha kijani ni mayai yake, amekaribia kutaga. Mzee anawaacha nayo, dada anayesafisha anatoa vyote, kwa hiyo ukitaka sema mapema.

Kamba nimepewa safi, kichwa kimeshikana na mwili, hakuna weusi shingoni. Waliogandishwa wana barafu lakini si ile ya kukuuzia bahari, nilipowayeyusha nyumbani uzito haukushuka vya kunikasirisha. Mzee anasema wote ni wa kuvuliwa, hana wa kufuga. Mimi sina shida na wa kufuga, ila kuna jambo linafanywa kwa mahachari mengi ya nje, yale ya kuzalisha vifaranga vya kamba, ambalo nikilifikiria nakosa hamu: jike akigoma kutaga kwa tangi wanamkata jicho moja na kile kijiti chake, kwa sababu hapo ndio panatoka homoni inayozuia mayai kuiva. Anataga baada ya siku chache. Sawa, sayansi, lakini aki.

Nilichofurahia zaidi kwa huduma ni siku kijana mmoja alikuja anataka jozi, dume na jike hai, akawafuge Kitengela wazaane. Ashalipia mafunzo fulani ya kwa WhatsApp, ameambiwa anahitaji tangi tu na maji ya borehole na chumvi ya ng'ombe. Mfanyabiashara mwingine angemuuzia akampungia mkono. Huyu mzee akamkalisha kwa ndoo. Akamwambia kaa utawaweka, watakula, watanenepa, hiyo hata Pwani vikundi vinafanya, wanachukua kaa mwembamba kwa mikoko wanamlisha kwa kizimba mpaka anajaa. Kuwazalisha ndio kisanga. Unataka maji ya bahari yenye chumvi kamili kwa hao mabuu, joto lisiyumbe, chakula hai cha saizi ya mdomo wao, mwanzo rotifa halafu watoto wa artemia, yaani vijidudu vidogo vya majini, na kila wanapojivua wengine wanakwama kwa gamba la zamani wanakufa, na wakifika megalopa wakishapata magando wanaanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Kwa mamilioni ya mayai hata mahachari yenye watu waliosomea wanatoka na wachache. Kijana akasikitika, akanunua kilo ya kamba akaenda. Nikasema huyu mzee nitamtetea mahali popote.

Yasiyopendeza sasa. Simu hawashiki na meseji wanajibu kesho. Oda ya boda waliniletea mara moja gunia linavuja kwa kiti cha watu, na dereva wa boda alikuwa na hasira zake za haki. Hakuna mahali pa kukaa ukingoja. Risiti ni karatasi ya daftari. Wikendi wakati wa mchana pamejaa na kaa wazuri washaenda kwa watu wa mahoteli, wanakuja na pikapu asubuhi wanachagua kwanza, sisi wa kilo moja moja tunaokota mabaki. Hiyo mzee ajirekebishe, atutengee hata gunia moja.

Ukienda nenda asubuhi mapema siku basi limeshuka, muulize mwenye M-Pesa atakuambia kama limeshuka. Beba ndoo yenye kifuniko na kitambaa kilicholoa, usiwatie kwa maji ya mfereji watakufa. Sema unataka dume, bonyeza mwenyewe usione haya. Nyumbani mtie kwa friza kwanza alale kabla ya kumsafisha, ndio usipigane naye kwa sinki. Mimi nawapika kwa nazi, tui la kwanza mwishoni, ukwaju, pilipili mbuzi moja nzima bila kupasua, na wali mweupe. Wanachukua M-Pesa na keshi, kadi hawana.